Duara la Arobaini na Nne

Mkuu Lugendo aliponiita ofisini kwake kuniambia kwamba anastaafu, nilijua moja kwa moja kwamba anataka duara. Hawa watu hawajui kutaka kitu kingine. Mtu anakalia kiti cha Ofisi ya Mwendo miaka mitano, anavimba, anapiga miayo mbele ya watoto wa watu, halafu siku ya kuondoka anataka mbinguni pawekwe duara lenye jina lake. Na anapewa. Ukoo wake wote unahamia safu ya mbele ukumbini, wanakaa pale wamenyoosha shingo, eti baba yao anamsukuma Ng'ombe.

Ng'ombe wetu si wa maziwa. Ni jiwe la barafu, kubwa kuliko mji wetu wa Handakini mara elfu, linalolizunguka Jua na kupita jirani na Mirihi kila baada ya miaka saba. Mababu zetu wengi walikuwa Wasukuma na Wanyamwezi. Waliona kitu kinachoondoka na kurudi na maji, wakakipa jina hilo, na kazi ya kwenda kuchimba barafu wakaiita kukama. Tusipokama, hatuna maji ya kunywa wala hewa ya kuvuta. Kivuko kinakwenda na watu tisa. Mafuta yake yanatosha kwenda tu. Ya kurudi yanatengenezwa kulekule kutokana na barafu. Ukifika ukakuta Ng'ombe hayupo, unaweza kumngoja siku moja. Ya pili huioni.

Nahodha wa safari hii alikuwa Kabula, mdogo wangu wa tumbo moja.

Sasa hebu nieleze tulivyofika hapa, maana ni aibu, na aibu hii ina wenyewe. Waliotutangulia walikuja Mirihi na mashine zilizojua kila kitu. Mashine zikafa mwaka wa dhoruba kubwa ya vumbi, ikagundulika kwamba hakuna binadamu hata mmoja aliyewahi kujisumbua kujua mashine zilikuwa zinajua nini. Wakaanza upya, kwa macho yao na darubini moja. Kizazi cha kwanza kilisema Ng'ombe huja tukimhitaji. Kizazi cha pili, mwanamke mmoja akachomeka vijiti ukutani, akahesabu siku, akasema anatuzunguka sisi kwa duara. Wakampenda sana kwa hilo, nani asiyependa kuzungukwa? Lakini kila walipomtazama walimwona Ng'ombe anakwenda mbele, anasimama, anarudi nyuma, kisha anaendelea na safari. Basi wakaweka duara dogo juu ya duara kubwa, mnyama akawa anazunguka huku anazungushwa. Baadaye akatokea mtu akasema tuache ujinga, kinachozungukwa ni Jua, na sisi wenyewe tunazunguka. Wakamcheka miaka ishirini. Alipokufa wakaona hesabu zake ni fupi kuliko zao, wakazichukua, na ili kumfuta mjane machozi wakampa marehemu duara.

Hapo ndipo upuuzi ulipopata kiti. Tangu siku hiyo kila mkuu anayestaafu hupewa duara, liwe linahitajika au halihitajiki, na hakuna ruhusa ya kuliondoa, kwa sababu kuondoa duara ni kumtukana marehemu na kuwanyanyua wajukuu zake safu ya mbele. Siku naanza kazi nilikuta maduara arobaini na matatu. Kumi na tisa yanamsukuma Ng'ombe huku, kumi na manane yanamrudisha kule, na sita sijawahi kuona yanafanya nini.

Mkuu Lugendo alinikaribisha kiti, akaniita mwanangu, akaniuliza habari za nyumbani. Alipomaliza kujikosha nikamwambia jedwali lake, lile linalotokana na maduara hayo, ni takataka. Linasema Ng'ombe atapita mahali pa kukamia siku ya mia mbili na kumi na mbili. Mimi nasema atapita siku ya mia mbili na tisa, na kivuko kikifuata jedwali kitakuta pameshakuwa patupu.

Akaniomba nimwonyeshe. Nilipigilia misumari miwili kwenye ubao wake mzuri wa ofisi, nikaizungushia kitanzi cha uzi, nikauvuta uzi kwa kalamu na kuchora. Likatoka duaradufu, yaani duara lililobanwa mbavu. Jua, nikamwambia, liko kwenye msumari huu. Kwenye ule mwingine hakuna kitu. Ukivuta mstari kutoka kwenye Jua hadi kwa Ng'ombe, mstari huo unafagia eneo lenye ukubwa uleule kila siku. Akiwa mbali mstari ni mrefu, kwa hiyo anatembea kivivu, na akilikaribia Jua mstari unafupika, hana budi kukimbia. Misumari miwili na uzi, na vipimo vya miaka tisini vinakaa mahali pake bila kusukumwa na marehemu yeyote.

Alitazama ule mchoro muda mrefu. Nitamtendea haki: Lugendo hakuwa mjinga. Alielewa kila kitu, nilimwona anavyoelewa, na hilo ndilo lililonifanya nimdharau hadi leo.

"Nyamizi mwanangu," akasema, "duara langu liko wapi hapo?"

Nikamwambia halipo. La kwake halipo, na ya wale wengine arobaini na watatu hayapo.

Akasogeza kiti. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji, kwamba hakuna mtu Handakini atakayeruhusu kivuko kiondoke kwa namba iliyotoka kwenye misumari. Baraza lina wazee kumi na mmoja, na kila mmoja ana duara la baba yake au mjomba wake mle. Ila kama mimi, fundi wa hesabu, ningeunda duara moja la mwisho, lililokatwa kwa ustadi ili lifute makosa ya mengine yote na kumleta Ng'ombe siku ya mia mbili na tisa, Baraza lingelipokea kwa vigelegele, mradi liitwe Duara la Lugendo. Watu tisa wangepona na kila mtu angekwenda kulala kwa amani.

"Wewe unataka mdogo wako arudi," akasema. "Na mimi nataka arudi. Tunagombania nini?"

Nilitoka bila kumuaga.

* * *

Kabula nilimkuta chini ya kivuko, amelala chali, anakagua kulabu za kumdakia Ng'ombe. Nikamsimulia yote. Nilidhani atatukana pamoja nami, maana sisi wawili tuna haki ya kutukana. Mama yetu, Nahodha Shija, aliongoza kivuko miaka kumi na minne iliyopita. Alifika mahali pa kukamia siku ileile iliyoandikwa kwenye jedwali, akakuta hamna kitu, akafa kule na watu wake wanane. Ofisi ya Mwendo ikaandika kwamba nahodha alichelewa. Tumekua na neno hilo shingoni. Watoto wa yule mzembe, ndivyo tulivyoitwa bombani, na wenye kutuita hivyo walikuwa wajukuu wa maduara.

Kabula aliinuka, akajifuta mikono.

"Mimi nakuamini, dada," akasema. "Hawa wanane wangu hawakuamini. Hawatapanda kwa namba isiyo na duara. Niandikie duara."

Nikamjia juu. Nikamwambia ana akili za kushikiwa, kwamba Lugendo amemnunua bila kumwona, kwamba mama angemtemea mate.

"Mama hatemi kitu, amekufa," akasema, na akarudi chini ya kivuko. Kutoka kule chini akaniambia kwamba mimi nimejaliwa kudharau watu, ni kipaji, lakini yeye inambidi arudi na watu nane wakiwa hai, na hao nane ndio walewale ninaowadharau.

Nikaenda kuandika duara.

* * *

Ilinichukua siku nne kupata njia. Kuiga duaradufu kwa maduara kunawezekana, ingawa ni kazi ya kishenzi: unakisogeza kitovu cha duara kubwa pembeni mwa Jua, kisha juu yake unaweka duara dogo ambalo ukubwa wake ni thuluthi moja kamili ya umbali uliokisogezea kitovu, na unalizungusha kwa kasi maradufu. Thuluthi, na maradufu. Usipojua duaradufu huwezi kuziotea namba hizo, hata ukae unaotea mpaka meno yaote mvi.

Siku ya tano nikafungua daftari kuu la zamani, lile ambalo hakuna anayelifungua, nitafute mahali pa kulibana duara la Lugendo. Nikafika kwenye duara la ishirini na sita, la Mkuu Kashindi, aliyekufa miaka themanini iliyopita. Nilikuwa namcheka siku zote huyu Kashindi. Miongoni mwa wanafunzi tulimwita Mzee Kidoti kwa udogo wa duara lake. Nikasoma maandishi yake ya mkono. Kitovu kimesogezwa vipande thelathini na sita. Duara, vipande kumi na viwili. Kasi, maradufu.

Nilisoma mara tatu. Halafu nilikaa sakafuni.

Alijua. Miaka themanini iliyopita mtu mmoja katika ofisi hii alichora lile nililochora mimi, akaliona lote, akalikatakata, akalipaka jina lake na kulificha katikati ya maduara ya wapumbavu. Hakuandika neno hata moja pembeni. Sababu yake ninaijua vizuri sana kwa kuwa siku hiyo nilikuwa nayo mkononi: kulikuwa na kivuko, kulikuwa na watu tisa, na Baraza lilitaka duara. Wale tisa walirudi salama, imeandikwa hapohapo. Miaka kumi baada ya kifo chake, mkuu mwingine akakisogeza kitovu hadi vipande arobaini na kimoja ili duara la baba mkwe wake lipate nafasi. Hakuna aliyepinga, kwani nani alikuwa anajua thelathini na sita ilikuwa na kazi gani? Toka hapo jedwali likaanza kuteleza, nusu saa, saa nne, siku nzima, wakawa wanaliziba kwa maduara ya wastaafu, mpaka siku alipotumwa mama yangu.

Mjinga mimi namcheka na kupita. Kashindi hakuwa mjinga, alikuwa mwoga mwenye akili, na huyo ndiye aliyemuua mama, kwa ustadi na kwa nia njema. Nilimtukana kwa sauti mle chumbani. Kisha nikageuka, nikaliona Duara la Lugendo mezani kwangu, limekamilika, zuri, namba zake zimenyooka.

Nikalipeleka. Ndiyo, nililipeleka. Kivuko kiliondoka siku ya mia moja na themanini, na Baraza lilipiga vigelegele kama Lugendo alivyosema.

* * *

Kabula akimpata Ng'ombe siku ya mia mbili na tisa, watasema duara limempata. Nikija baadaye na misumari yangu kueleza, watanionea huruma: tazama huyu, ana wivu na mzee aliyestaafu. Utabiri unasemwa kabla. Ukisemwa baadaye ni umbea. Na nikisema kabla, Lugendo atalifuta duara kwa kuwa ni la kughushi, atarudi kwenye jedwali la zamani, na atamwamuru Kabula kwa redio apunguze mwendo afike siku ya mia mbili na kumi na mbili akute patupu, kama mama. Kumwona Ng'ombe mapema haiwezekani, maana anakuja kutoka upande wa Jua na mwanga unamficha hadi saa za mwisho. Nikinyamaza, mdogo wangu yuko salama, na atakufa mtoto wa mtu mwingine miaka arobaini baadaye, mtu ambaye hajazaliwa na hana wa kumtetea. Nikisema, namweka mdogo wangu rehani.

Siku ya mia moja na tisini na tisa nikampigia redio. Nikamweleza habari za Kashindi, thuluthi, kitovu kilichosogezwa.

"Kwa hiyo mama hakuchelewa," akasema.

"Hakuchelewa."

"Ng'ombe atakuwepo siku ya mia mbili na tisa?"

"Atakuwepo."

"Basi sema. Wataniamuru nipunguze mwendo na sitapunguza. Hawa wanane nitawaambia mwenyewe leo hii, wasije wakasikia kutoka kwenu." Akavuta pumzi. "Watanichukia wiki nzima humu ndani, dada, na choo ni kimoja."

* * *

Sherehe ya kumuaga Lugendo ilikuwa kesho yake. Desturi ni kwamba fundi aliyetengeneza duara ndiye anayelisoma mbele ya watu, kwa hiyo hawakuwa na namna ya kunikwepa. Safu ya mbele ilikuwa imejaa, kila ukoo na shingo yake. Mke wa Lugendo alikuwa tayari amekalia kiti chake kipya.

Niliwapa vidonge vyao. Niliwaambia duara la arobaini na nne ni la uongo na nimeliunda mimi. Niliwaambia umbo la njia ya Ng'ombe, kasi yake, saa atakayofika: siku ya mia mbili na tisa, saa sita mchana. Niliwaambia habari ya Kashindi, na wajukuu wa Kashindi wakasimama, wakafurahi kwanza, kisha wakaelewa, wakakaa. Niliwaambia maduara yao mengine hayasukumi hata vumbi. Niliwaambia: Nahodha Shija alifika siku mliyomwandikia, mkamuua, mkamwita mzembe.

Nilitegemea kelele. Kilichokuja ni kicheko. Walicheka, jamani, safu ya mbele hadi ya nyuma, mzee mmoja akashika mbavu. Walipomaliza kucheka ndipo walipokasirika, na mama mmoja akanivua beji ya ofisi kifuani akaing'oa pamoja na kipande cha gauni langu.

Lugendo hakucheka wala hakukasirika. Alikwenda kwenye redio mbele ya watu wote, akamwamuru Kabula afuate jedwali la maduara arobaini na matatu na apunguze mwendo mara moja.

"Nimesikia, Mzee," sauti ya Kabula ikajibu. "Sipunguzi. Tumepiga kura huku, watano kwa wanne."

* * *

Siku ya mia mbili na tisa hawakunifungia, walinileta ukumbini makusudi ili nione. Saa sita ilipofika redio ikafunguliwa. Kabula akasema hamna kitu.

Saa saba, hamna kitu. Watu walianza kunigeukia. Wengine walikuwa na watoto wao kule, na sikuweza kuwatazama hao. Ila safu ya mbele niliwatazama sana, kwa sababu walikuwa wanafurahi. Walikuwa na kiu, nusu ya maji ya mji yamekwisha, na walikuwa wanafurahi kwamba nimekosea.

Saa nane Kabula akasema ana mafuta ya kungoja mpaka kesho mchana. Alisema kwa sauti ya kazi, kama mtu anayesoma orodha ya vipuri. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi. Nilirudia hesabu kichwani, uzi, misumari, eneo, na kila mara ilitoka saa sita mchana, na kila mara ilikuwa imeshapita. Nikafikiri, nimemuua. Nimemuua kwa jeuri, na sina hata wa kumsingizia.

Saa tisa hakusema kitu.

Saa kumi redio ilikoroma, na nyuma ya sauti yake niliwasikia watu wanapiga kelele, wanagonga kuta.

"Tumemwona. Ametoka kwenye mwanga wa Jua, yuko kwenye mstari uleule uliosema, dada, hajakengeuka hata kidogo. Amechelewa saa nne."

Ukumbi ulilipuka. Watu waliokuwa wananitazama kama kinyesi walinikumbatia, na mimi sikumkumbatia mtu. Kabula akarusha kulabu, ikashika. Kulabu ya pili, ikashika. Kisha akauliza, kwa sauti ya kazi ileile, hizo saa nne zimetoka wapi.

Hapo ndipo nilipomwona Lugendo amesimama, chaki mkononi, uso umemchangamka. Alikuwa anawaambia wazee wa Baraza kwamba saa nne si tatizo hata kidogo. Duaradufu ni jambo zuri sana, yeye mwenyewe alilikubali tangu mwanzo, na saa nne zinazibwa na duara dogo tu juu yake. Akaniita mwanangu. Akasema liitwe Duara la Nyamizi. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na mtu mmoja safu ya mbele akaanza kusogea kunipisha nafasi.

Nitasema kweli. Niliitazama ile nafasi. Nilihesabu ukubwa wa hilo duara kichwani, ilinichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya, na lingekaa sawasawa.

"Kaa chini, Mzee," nikamwambia.

Nikaenda kwenye redio nikabonyeza kitufe.

"Sijui, Kabula," nikasema. "Mkame, jaza matangi, urudi. Sijui zimetoka wapi."